Chane za Ponaram

Siku mto ulipomeza banda la nguruwe la jirani, mchana kweupe, watu wa Borkolia hawakuhitaji tena kuambiwa na mtu. Ukingo ulikuwa umekaribia ngazi ya nyumba ya kina Pegu, na kila jioni kipande kingine cha ardhi kiliporomokea majini pamoja na migomba yake. Nyumba ile ilikuwa lazima ifunguliwe na kuhamishiwa nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko kabla ya mvua. Hilo halikuwa na ubishi.

Ponaram Doley alikuwa amechutama chini ya sakafu ya nyumba hiyohiyo, katikati ya nguzo, anachana mwanzi. Alisikia mshindo, akaenda, akasaidia kumvuta nguruwe mmoja kwa mkia, kisha akarudi kuchana. Ndivyo alivyo. Ukimtaka mtu wa kupiga mayowe, Ponaram si mtu wako.

Sasa niwaambie kuhusu hizo chane, maana bila chane huyu bwana hana habari. Nyumba za Wamising, kabila la watu wa kule mtoni, husimama juu ya nguzo, sakafu yake mianzi iliyopasuliwa na kulazwa, kuta zake mianzi iliyosukwa au matete, paa lake nyasi ndefu za ufukweni. Msumari kule ni wa kutundikia kalenda. Kila kinachokutana na kingine hufungwa kwa chane: mwanzi mchanga uliopasuliwa mwembamba, ukatolewa nyama ya ndani ikabaki ngozi, ukaning'inizwa kwenye kichanja cha juu ya meko mpaka moshi ukautia weusi. Ukitaka kufunga, unaziloweka majini siku moja kabla, zinalainika, unazungusha, unasokota, unachomeka ncha. Kila mtu anaweza kuchana. Ila chane za wengine zikisokotwa hukatika, au mvua ya pili ikipita zinalegea na mlango unaanza kulia. Za Ponaram zilikaa mpaka mwanzi wenyewe uoze. Basi nyumba zote za Borkolia, kuanzia ya mkuu wa kijiji Holiram hadi ya mjane wa mwisho kule kwenye matete, zilikuwa zimefungwa kwa mkono wake.

Na bado walimcheka. Unajua kwa nini? Kwa sababu aliolewa.

Ndiyo, mwanamume, aliolewa. Alikuja Borkolia akiwa kijana asiye na kitu, kampenda Rupohi binti wa mzee Pegu, na kwao hawakuwa na nguruwe wa kupeleka wala fedha ya mahari. Mzee Pegu akamwambia, basi njoo ukae hapa, ufanye kazi, mikono yako ndiyo mahari yako. Ilikuwa iwe miaka michache. Lakini mtoto wa kiume wa mzee, Jugen, alikuwa ametorokea mjini Guwahati kuwa bawabu wa duka la nguo, na mzee hakuwa na mtu mwingine wa kushika jembe. Miaka michache ikawa ishirini na ushei. Mzee akafa. Ponaram akabaki.

"Hamjambo nyumbani kwa mkeo?" vijana walimsalimia njiani, wakiangua kicheko.

"Hatujambo," alijibu, akipita na mwanzi begani.

Mama mkwe wake, Tileswari, ndiye aliyekuwa na ulimi wa kukata zaidi. Mwanamke mfupi, mgongo umepinda, kitana cha mwanzi kimechomekwa kwenye nywele saa zote, hata akilala. Hakuna siku iliyopita bila kumtia adabu mkwewe. Samaki wa kuvunda waliotiwa kwenye bomba la mwanzi wakipungua, ni Ponaram kala. Ungo ukipasuka, ni Ponaram kausuka vibaya. Na pombe ya mchele, apong, ikiwa chungu, ni kwa sababu Ponaram kaitazama ikichachuka. "Mwanamume wa watu huja na kitu," alikuwa akisema, kwa sauti ya kufika kwa jirani. "Wetu alikuja na tumbo." Rupohi alikuwa akiuma meno. Ponaram alikuwa akichana.

Lakini kicheko hakikuwa ndicho kilichomuuma. Kulikuwa na jambo jingine.

Kule, nyumba hainyanyuliwi na mtu mmoja. Unazunguka na tambuu na popoo kwenye sahani, mlango kwa mlango, na anayepokea ameahidi kuja. Mwenye nyumba atatoa apong na wali na nguruwe aliyepikwa na chipukizi za mianzi. Malipo hakuna. Ila mikono inakumbukwa: leo nimekuja kwako, kesho utakuja kwangu. Na mikono hiyo haihesabiwi kwa mtu, huhesabiwa kwa meko. Anayekula kutoka kwenye meko ya fulani, mkono wake ni mkono wa meko yale. Ponaram alikuwa amefunga nyumba za kijiji kizima, na kila fundo lilihesabiwa kuwa fundo la kina Pegu. Kwa hesabu ya Borkolia, Ponaram Doley mwenyewe hakuwa anamdai mtu yeyote kitu chochote.

Alilijua hilo. Alikuwa hajalisema, lakini alilijua, na mto ulipofika karibu na ngazi lilianza kumkosesha usingizi.

Jugen alifika wiki ile ile kutoka mjini, amenenepa, ana saa ya kung'aa na viatu ambavyo havikuwa vya tope. Alikuwa mtoto wa kiume, nyumba ilikuwa yake, hakuna aliyepinga. Nguzo, sakafu, paa, vyote vingefunguliwa na kubebwa nyuma ya tuta, kwenye kiwanja walichopewa kina Pegu.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," alisema akinywa apong, ameegemea ukuta. "Tutakupatia pembe. Nyumba ni kubwa. Si mmekaa hapa siku zote?"

"Tumekaa," alisema Ponaram.

Rupohi aliweka chini bakuli kwa kishindo. "Hatutaki pembe."

"Ala! Dada, nimekosea nini?"

"Hujakosea. Mimi nina binti wa kuozwa mwakani. Wakija wachumba kumposa Junti, watabisha hodi kwa nani? Kwa mjomba wake? Baba Junti, sema kitu."

Baba Junti alichukua kisu akaendelea kuchana. Ila kesho yake asubuhi alikwenda kwa mkuu wa kijiji, Holiram, akaomba kiwanja. Alirudi amepewa kona yenye majimaji, mbele ya tuta lakini mbali na ukingo, karibu na dimbwi la bata, mahali ambapo hakuna mtu aliyepataka. Rupohi alipokwenda kuiona alisimama kwenye tope hadi vifundoni, akacheka, akalia kidogo, akasema, "Haya, nguzo ziwe ndefu."

Tangu siku hiyo yule mtu mpole alifanya kazi kama aliyepandwa na kichaa. Alikata mianzi minene ya nguzo na mianzi membamba ya paa kutoka kwenye kichaka alichokipanda mwenyewe nyuma ya nyumba alipozaliwa Junti. Watu walimwonya wakati ule kwamba kijana hapandi mianzi, anajichimbia kaburi, hiyo ni kazi ya wazee walio karibu kwenda. Ikabidi Tileswari aweke shina la kwanza kwa mkono wake, huku akilalamika kwamba mkwe huyu atamuua. Sasa kichaka kilikuwa kikubwa. Ponaram alichagua, akakata, akalowesha. Rupohi na Junti walifunga nyasi za paa matita kwa matita, mikono ikachanika.

Ukuta wa mbele Rupohi aliusuka mwenyewe. Alikuwa na lake. Chane zenye ngozi alizipitisha juu ya chane za ndani zilizopauka, kijani juu ya nyeupe, mpaka ukuta ukatoa yale macho yanayofuatana ambayo wanawake wa kule huyafuma kwenye shuka zao. Jirani mmoja alipita akauliza, nyumba kwenye dimbwi la bata inarembwa ya nini? "Bata nao wana macho," Rupohi akamjibu. Ulikuwa ukuta mzuri. Hata Tileswari aliusogelea, akaupapasa kwa kidole, akaondoka bila kutukana.

Na chane. Ponaram alikuwa amezikusanya tangu msimu uliopita, mafungu kwa mafungu, kwenye kichanja cha juu ya meko. Aliziteremsha zote. Zilitosha nyumba moja ya kiasi, hazikubaki wala hazikupungua.

Wakachagua Jumatano. Ponaram akazunguka kijijini na sahani ya tambuu, amevaa shati safi, amechana nywele, na kila mlango alitamka maneno yaleyale kwa shida, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye. "Jumatano. Nyumba yangu. Karibuni." Watu walipokea. Wengine walitabasamu kwa lile neno, yangu, lakini walipokea.

Halafu Jumatatu Jugen naye akazunguka na sahani yake. Jumatano. Likizo yake ilikuwa inaisha Ijumaa, alisema, angefanyaje? Na Jumatano ni siku njema.

Rupohi alipopata habari alimvamia kaka yake pale ukingoni. "Huna haya wewe? Hukujua kwamba tumeshaalika?"

"Nilijua. Lakini dada, fikiria. Watu watafanya nyumba kubwa kwanza. Kisha jioni, wakibaki na nguvu..."

"Jioni watakuwa wamelewa apong yako!"

"Basi nifanyeje, niache nyumba ya baba imezwe na mto?"

Usimwone Jugen mbaya sana. Ukingo ulikuwa unabomoka kweli, na duka la Guwahati lilikuwa halimsubiri mtu. Lakini mtu anaweza kuwa na haki na bado akamkanyaga mwenzake, na Jugen alimkanyaga Ponaram bila hata kutazama chini.

Watu wa Borkolia waliona aibu. Holiram alikuja mwenyewe kuzungumza na Ponaram, akavuta mkeka, akakohoa, akazunguka weee, mwishowe akasema, "Ponaram, ndugu yangu, unaelewa. Tunadaiwa na meko ya Pegu. Kila nyumba hapa inadaiwa. Na wewe..."

"Na mimi simdai mtu," Ponaram alimalizia.

"Si mimi niliyeweka desturi."

"Najua."

Jumatano asubuhi Ponaram, Rupohi na Junti walisimama kwenye kona yao ya dimbwi. Nguzo zimelala, matita ya nyasi yamepangwa, ukuta wa macho umeegemezwa kwenye mti, mitungi ya apong imefunikwa majani ya mgomba, nguruwe anachemka sufuriani. Kwenye beseni kubwa chane zilikuwa zimelowekwa tangu jana, zimelainika vizuri. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa watu.

Alikuja mzee mmoja kiziwi ambaye hakuwa amesikia habari za Jugen. Akakaa, akaomba apong, akapewa.

Kutoka upande wa pili wa tuta walisikia sauti za wanaume wakinyanyua: heee, haya! heee, haya! Nyumba ya kina Pegu ilikuwa imefunguliwa tangu jana na kubebwa kipande kwa kipande. Walisikia nguzo zikisimikwa. Junti alianza kulia kimyakimya, anapepea moto. Ponaram alichukua nguzo moja peke yake, akaitia shimoni, akaishikilia, akasimama hivyo. Mtu mmoja akiishika nguzo, nani ataishindilia udongo? Rupohi akaja na mwiko wa kusongea akaanza kushindilia. Mzee kiziwi akacheka, akadhani ni mzaha.

Ponaram alitamani ardhi ipasuke. Si kwa ajili ya nguzo. Kwa ajili ya Rupohi na ule mwiko.

Mara upande wa pili ukanyamaza. Kukawa kimya, kisha mabishano, kisha wakatokea watu juu ya tuta: Jugen mbele, amepakaa tope mpaka magotini, Holiram nyuma yake, na nusu ya wanaume wa kijiji.

"Shemeji!" Jugen alipiga kelele kabla hajafika. "Chane ziko wapi?"

Kumbe! Nguzo wamesimika, boriti wamepandisha, sakafu wameileta, na hakuna aliyeleta cha kufungia. Chane za zamani walizikata kwa mapanga wakati wa kufungua, kwa haraka. Mpya kila mtu alidhani zipo. Miaka yote zilikuwapo. Ukienda kujenga Borkolia unakuta chane zimeshalowekwa, kama unavyokuta maji mtungini, huulizi nani kayateka.

"Hizi hapa," alisema Ponaram. "Ni za nyumba yangu."

Jugen alilitazama beseni. "Shemeji, tusitaniane. Watu arobaini wamesimama wanashikilia boriti. Nipe hizo, wewe utachana nyingine."

"Hizo alizichana yeye!" Rupohi alisema.

"Kwa kisu cha nani? Kwenye moshi wa meko ya nani? Baba alimlisha, baba alimpa kisu, zimekauka juu ya meko ya baba. Hizo ni chane za nyumbani kwetu, dada. Za nyumbani kwetu!"

Wanaume walitazama chini. Hakuna aliyesema kwamba Jugen amekosea, maana kwa hesabu yao hakuwa amekosea sana.

Na Ponaram, nisiwafiche, alianza kuinama. Mikono yake ilikuwa imeshalishika beseni. Aliambiwa lete, akawa analeta. Miaka ishirini na ushei mwili unazoea. Rupohi alimwona, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Ponaram hakuwahi kuiona, na ndipo alipojua kwamba akilinyanyua lile beseni mkewe hatamtukana wala hatamgombeza. Atanyamaza tu, mpaka kufa.

"Liache hapo!"

Tileswari alikuwa anashuka tuta kwa fimbo, kitana kichwani, anahema. Alikuwa kwa mwanawe tangu asubuhi, ameketishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, mama mwenye nyumba. Sasa alipita katikati ya wanaume, akawasukuma kwa fimbo, akafika kwenye beseni, akageuka, akajiketisha juu ya chane zilizolowa, chapa! Maji yakamwagika pande zote.

"Mama!" Jugen akapiga kelele. "Unalowa!"

"Naona. Anayezitaka aniinue."

Nani amwinue? Mama mkwe haguswi, na mama mtu mzima wa watu hashikwi kiunoni na wanaume mbele ya kijiji. Holiram aligeuza uso. Mzee kiziwi aliuliza kwa sauti kuu kulikoni.

"Mama, mimi ni mwanao," alisema Jugen.

"Najua, nilikuwapo. Umesema kisu ni cha baba. Kweli. Moshi ni wa meko yetu. Kweli. Na mkono je? Mkono nao aliuzaa baba yako?"

"Mama, wewe mwenyewe umemtukana huyu mtu miaka yote..."

"Nitamtukana na kesho! Simsifu. Anakoroma. Akila samaki anaacha miiba mahali pa kukanyaga. Mwanamume gani anatukanwa na mama mkwe na anasema 'ndiyo, Mama'? Nilikuwa nangoja ajibu. Siku moja tu anijibu, nijue kuna mtu humu. Hakujibu." Akajipangusa uso. Sauti yake ilianza kukwaruza. "Lakini baba yenu alipopooza, aliyekuwa akimgeuza kitandani hakuwa Jugen. Nami nilitukana hata siku hizo."

 Bata walipita.

"Holiram," alisema Tileswari. "Nyinyi mnadaiwa na meko ya Pegu, sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Meko ya Pegu ni nani? Ni huyu aliyekuja juzi na saa? Nani anayawasha asubuhi? Nani alipika wali wa kila ujima tangu wewe ulipokuwa huna ndevu?"

"Ni wewe, mama."

"Basi leo nadai. Mikono yote mnayodaiwa naidai leo, na naidai hapa, kwenye hili tope. Nyumba hii isimame kwanza. Jugen atasubiri. Alisubiriwa vya kutosha."

Holiram alikuna shingo. Alitazama wenzake. Halafu akavua shati, akalitundika kwenye ukuta wa macho, na Rupohi akamfokea alitoe pale, akalitoa. Mtu wa pili akavua, na wa tatu. Wengine walikimbia upande wa pili kuwaambia wale wanaoshikilia boriti waziteremshe, waje huku kuna nguruwe.

Jugen alibaki amesimama. Ponaram alimsogelea.

"Kesho nitakufungia yako," alisema. "Nitachana mbichi alfajiri. Mbichi hazidumu, zitakupa miaka miwili. Ukirudi likizo nitakubadilishia."

 Jugen alivua saa akaitia mfukoni, akaenda kushika nguzo.

Ikasimama siku hiyohiyo. Ilikuwa nyumba ndogo, ya vyumba viwili na kibaraza, juu sana kwa sababu ya majimaji. Ponaram hakushika nguzo wala nyasi. Alikuwa juu, anatambaa kwenye boriti kama siafu, na popote mwanzi ulipokutana na mwanzi yeye alikuwapo, anazungusha, anasokota, anachomeka. "Chane!" alikuwa akipiga kelele, na vijana walewale wa kumsalimia nyumbani kwa mkewe walikuwa wakikimbia kumpelekea. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Ilikuwa sauti nzito, kumbe.

Walikula, wakanywa mitungi yote, mzee kiziwi akaimba peke yake. Jua lilipoelekea kuzama waliondoka mmojammoja, Jugen akaenda kulala kwa Holiram, na pale kwenye dimbwi wakabaki wenye nyumba.

Rupohi aliwasha moto wa kwanza. Moshi ukapanda kwenye kichanja kipya, ukatafuta njia, ukatokea kwenye nyasi. Junti alikuwa anatandika mikeka. Ponaram alipiga magoti kwenye kibaraza, anakaza fundo ambalo halikuhitaji kukazwa.

"Hodi!" ikaja sauti kutoka chini.

Ponaram aliendelea na fundo.

"Hodi humu!"

Miaka yote ile hodi ilijibiwa na mzee, na mzee alipokufa ikajibiwa na Tileswari. Mgeni akibisha wakiwa hawapo, Ponaram alitoa kichwa akasema, "Wenyewe hawapo." Ndilo jibu alilokuwa nalo, hakuwa na jingine. Alimtazama Rupohi. Rupohi alikuwa amesimama na kijinga cha moto mkononi, anamtazama yeye, midomo ameibana.

Chini ya ngazi alisimama Tileswari, shuka bado limelowa nyuma, mkeka wake umekunjwa chini ya kwapa. Ngazi alikuwa hajaikanyaga. Angeweza kupanda, ni nani angemzuia? Lakini alisimama pale pale kwenye tope, kama mgeni.

"Wenyewe hampo?" aliuliza.

Ponaram alisimama. Akakohoa.

"Tupo, Mama," alisema. "Karibu. Karibu nyumbani kwangu." Na machozi yalimtoka, na aliyaacha yatoke, akishuka kumpokea mkeka.